Nipeni Mji

Mvua ya Tunduma ikishaamua kupiga bati, hakuna kwaya inayoweza kushindana nayo. Sauti ya kwanza watapandisha, sisi wa sauti ya nne tutanguruma, na bado hutamsikia aliyesimama bega kwa bega nawe. Jioni za namna hiyo mwalimu wa kwaya hukunja karatasi za nota, vijana husogeza mabenchi katikati, mbali na dirisha linaloingiza rasharasha, na mmoja wao hunigeukia.

"Shikamoo, babu. Leo tutegee."

"Marahaba. Sogeeni."

Ninyi mnaosoma haya hamkuwapo, kwa hiyo nianze na utaratibu. Kitendawili cha kawaida mnakijua. Mtegaji husema "Kitendawili!", wenzake huitikia "Tega!", anatega, wanahangaika, na wakishindwa anadai: "Nipeni mji." Akishapewa anausafiri kwa maneno, alikwenda, akala, akashiba, akapokewa kama chifu, kisha ndipo anafumbua. Sisi tumeongeza mambo mawili. La kwanza, kila kitendawili kihusu muziki wa kuandikwa, ule uliotungwa kwa nota ukawafikia watu ambao mtunzi wake hakuwahi kuwaona. La pili ndilo tamu zaidi: ukipewa mji huruhusiwi kusema ulikula pilau. Lazima utaje muziki uliosikika katika mji huo, au mwanamuziki aliyetoka huko. Kwa hiyo anayetoa mji naye anatega, na mtegaji anaweza kunaswa na mtego ambao hakuuweka yeye.

Siku ninayoisimulia tulikuwa tukijifunza "Haleluya" ya Handel, ile ambayo kwaya nyingi nchini huiimba kwa Kiswahili siku kuu zikifika. Nikaanzia hapo hapo.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Tangazo limetoka mjini: wanawake waache pete za marinda nyumbani, wanaume waache panga. Wala si kwa sababu ya amani."

Wakajaribu. Harusi? Usuluhishi wa ndugu waliogombana? Msiba wa mfalme? Binti mmoja wa sauti ya kwanza akasema labda mlango ulikuwa mwembamba, nami nikanyamaza, maana alikuwa amekaribia mno. Wakachoka.

"Nipeni mji."

"Unguja!"

"Nilikwenda Unguja," nikasema, "nikafika mahali alipozaliwa mwaka 1946 mtoto aliyeitwa Farrokh Bulsara. Dunia ilikuja kumjua kwa jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa roki. Lakini moyo wake ulikuwa na chumba cha opera pia. Mwaka 1987 alitoa wimbo pamoja na Montserrat Caballé, mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera duniani, na wimbo huo wakaupa jina la mji alikozaliwa mama yule, Barcelona. Unguja nimerudi."

Kisha nikafumbua. Mji ni Dublin, tarehe ni 13 Aprili 1742, na muziki ni huo huo waliokuwa wameukunja mikononi. "Haleluya" ni kipande kimoja tu cha kazi ndefu iitwayo Messiah, ambayo Handel aliiandika kwa siku 24, akianza tarehe 22 Agosti 1741. Wanawake wenye uwezo wakati ule walivaa marinda yaliyotanuliwa kwa pete ngumu kama mwavuli uliofunguka, na wanaume waheshimiwa walining'iniza panga kiunoni. Watu walioutaka muziki huo walikuwa wengi kuliko ukumbi. Basi wakaombwa waje bila pete na bila panga, na watu wapatao 700 wakaenea. Haraka yote ile ilikuwa ya nini? Mapato yalikuwa ya hisani: sehemu ilikwenda hospitali mbili, na sehemu ikalipa madeni ya watu waliofungwa kwa kushindwa kulipa. Wafungwa 142 walitoka gerezani kwa fedha ya siku ile.

"Kwa hiyo huu wimbo ulifungua gereza?" akauliza mdogo kuliko wote.

Ndiyo. Na naweza kuwaambia kwamba mvua ilipopungua tukaurudia, na hakuna aliyekuwa akitazama saa ya ukutani tena.

Kijana mmoja wa sauti ya tatu, mwenye haraka ya kushinda, akasimama. "Kitendawili! Beethoven alizaliwa mwaka gani?" Kabla hajakaa, jirani yake alikwishaangalia simu: 1770. Nikamwambia kijana yule, tena kwa upendo kwa sababu ana sauti nzuri, kwamba hicho hakikuwa kitendawili. Lilikuwa swali la mtihani. Mtihani unakuuliza umeweka nini kichwani. Kitendawili kinakuonyesha kitu unachokijua kwa sura usiyoizoea, na ukishakijua huwezi tena kukisikia kama jana. Nina msimamo katika hili. Nimeshaona watu wazima wanaoupenda muziki wakigeuza urafiki wao kuwa mnada wa tarehe na namba, na mwenye kumbukumbu ndogo akabaki mlangoni. Muziki haukuandikwa kwa ajili ya wenye kumbukumbu peke yao.

"Basi tutegee Beethoven wewe, babu."

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Makofi yamejaa ukumbi, mwenyewe hayasikii, sauti ya pili ikamgeuza."

Wa sauti ya pili wakashtuka kusikia wametajwa. Katika kwaya wao ndio husahaulika: wa kwanza wanabeba wimbo, wa nne tunabeba nyumba, wao wako katikati wanashikilia kila kitu na hawasifiwi. Sasa wakataka kujua. Nikawaambia bila kudai mji, kwa sababu niliona macho yao. Ni Vienna, 7 Mei 1824, simfoni ya tisa ya Beethoven inaimbwa kwa mara ya kwanza. Beethoven alikuwa kiziwi. Alisimama jukwaani amewapa watu mgongo, akiufuata muziki kwenye karatasi. Muziki ulipokwisha ukumbi ulilipuka, naye hakujua. Caroline Unger, mwimbaji wa sauti ya pili mwenye umri wa miaka 20, akamwendea akamgeuza, ili aone kwa macho kile ambacho masikio yalikataa kumpa.

Mabinti wa sauti ya pili wakasogeza benchi lao mbele kidogo.

Mmoja wao akasema sasa ni zamu yake, na aliyekusudiwa ni mimi. "Kitendawili! Mtoto kazaliwa ndani ya mchezo wa kompyuta, anasali kwa Kiswahili, na baba yake ni Mmarekani."

Nilikaa nikiwaza hadi wakaanza kuhesabu kwa vidole. Nikashindwa. Nikatoa mji: Nairobi.

"Nilikwenda Nairobi," akasema bila kusita, "nikasikia wimbo wa taifa la Kenya. Tuni yake imetoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, wa kumbembelezea mtoto alale. Wenzetu wanalazwa kwa wimbo ule, na taifa zima linasimama kwa wimbo ule." Ukumbi ukampigia makofi kabla hata ya jibu. Na jibu: "Baba Yetu", Sala ya Bwana kwa Kiswahili, iliyotiwa muziki na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005. Mwaka 2011 ikapata tuzo ya Grammy, ya kwanza kabisa kwa muziki uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta. Mtoto yule alinifundisha, nami nikamshukuru mbele ya wote. Huo nao ni utaratibu wetu.

Sasa sikilizeni hiki, maana ni cha watu wa mpakani.

"Mshumaa baada ya mshumaa unazimwa, na giza linavyozidi ndivyo bwana anavyoona vizuri."

Kimya. Mvua ilikuwa inapiga kwa mikupuo, kama mtu anayemwaga mahindi kwenye turubai. Kisha kijana mmoja ambaye hasemi sana, baba yake ni dereva wa malori yanayokwenda Kongo kufuata shaba, akasema polepole: "Ni watu wanaotaka kwenda nyumbani."

Hakumjua mtunzi, hakuujua mwaka, lakini alikuwa amejibu. Nikampa mkono. Mwaka 1772 Joseph Haydn alikuwa kiongozi wa wanamuziki wa mwanamfalme Nikolaus Esterházy. Kila majira ya joto bwana huyo alihamia na okestra yake kwenye jumba lake la Eszterháza, Hungaria, na wapigaji wengi waliziacha familia zao Eisenstadt. Mwaka ule bwana akanogewa. Wiki zikaongezeka juu ya wiki. Wapigaji wakamlilia Haydn. Haydn hakuandika barua ya malalamiko. Aliandika simfoni, ya 45 katika orodha ya simfoni zake. Ikifika mwishoni, muziki unageuka taratibu, na mpigaji mmoja anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa wa meza yake ya nota, anachukua chombo chake, anatoka. Kisha mwingine. Kisha mwingine. Mwishowe zinabaki fidla mbili tu, zimefunikwa sauti zisilie kwa nguvu, moja ya Haydn mwenyewe. Nazo zinanyamaza. Bwana akaelewa, na kesho yake safari ya kurudi ikaanza.

Mnaoishi Tunduma hamhitaji maelezo marefu. Mmeona foleni ya malori ikivuka mji mzima, mmewaona madereva wakipika ugali kivulini mwa matairi huku wakingoja karatasi, na mmewasikia usiku wakizungumza kwa simu na watoto walioko Dar es Salaam. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka wetu na Zambia kilipozinduliwa mwaka 2019, ukaguzi wa pande mbili unafanyika chini ya paa moja, lakini hamu ya nyumbani haina forodha. Mtoto wa dereva alikisikia kitendawili changu kutoka ndani. Mwalimu wa kwaya alimwekea simfoni ile kwenye simu, akaishikilia sikioni kwa mikono miwili kwa sababu ya mvua, na fidla mbili za mwisho zilipobaki alifumba macho.

Nikawaomba tupumzike, wakakataa.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Wako sita, wanaonekana watatu. Aliyewashika kiganjani anakuonyesha, lakini hakwambii."

Walipita kwenye karata, kwenye mapacha, kwenye vifaranga chini ya bawa. Wakanipa mji: Kinshasa. Nilifurahi, kwa sababu Kinshasa ina hazina. Huko ipo okestra ya simfoni ya kanisa la Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Walianza wakiwa na vyombo vichache kuliko watu, wakipokezana fidla, na nyuzi zilipokatika walitumia waya wa breki za baiskeli. Kwa hali hiyo wamefika hadi kuipiga ile simfoni ya tisa ya Beethoven, kwaya na okestra pamoja.

Kisha nikawafumbulia wale sita. Mwaka 1746 mchoraji Elias Gottlob Haussmann alimchora Johann Sebastian Bach, na picha hiyo iko Leipzig hadi leo. Bach amevaa koti lenye vifungo, uso wake mzito kidogo, na mkononi ameshika kijikaratasi amekigeuzia mtazamaji. Wengi hupita wakiutazama uso. Lakini kijikaratasi kinasomeka: ni muziki, mistari mitatu mifupi, na juu yake kichwa kinachosema ni kanoni ya sauti sita. Mistari mitatu, sauti sita. Tatu nyingine ziko wapi?

Kanoni mnazijua hata kama hamjui jina. Kundi moja linaanza wimbo, la pili linaanza wimbo ule ule baadaye kidogo, na bado wanapatana. Katika kanoni hii ya Bach sauti ya pili haichelewi tu, inapinduliwa pia. Panapopanda inashuka, panaposhuka inapanda, kama mlima na kivuli chake ziwani. Nikawagawa mara mbili. Upande mmoja wakaimba do, re, mi, fa wakipanda. Upande wa pili wakaanza do ile ile wakishuka, ti, la, so. "Sasa ninyi wa pili ngojeni pigo moja kabla ya kuanza." Wakafanya, wakachekelea kwa mshangao, kwa sababu njia moja ilikuwa imezaa mbili. Bach alifanya hivyo kwa mistari mitatu kwa mpigo, na sauti zote sita zikakubaliana.

Kilichonifanya niipende picha ile zaidi ni sababu yake. Kijana mmoja msomi aitwaye Lorenz Mizler alikuwa ameanzisha mwaka 1738 chama cha wapenzi wa elimu ya muziki. Wanachama walikaa miji mbalimbali wakiandikiana kwa posta, wakitumiana maandishi na tungo kwa vifurushi. Telemann alikuwemo, na Handel yule wa Dublin alikuwemo. Anayejiunga alitakiwa kutoa picha yake na kazi ya kuwafikirisha wenzake. Bach akaitoa kanoni ile. Kwa hiyo mnapotegana chini ya bati linalovuma, mko katika ukoo wa zamani sana: watu wakubwa kabisa wa muziki walikaa wakitegana kama ninyi, isipokuwa wao walingojea majibu kwa miezi.

Bach alijiunga mwaka 1747 akiwa mwanachama wa 14. Sasa hesabuni. A ni 1, B ni 2, C ni 3, H ni 8. Jina BACH linatoa 14. Wapo wanaoamini kwamba aliingojea namba hiyo kwa makusudi. Na Wajerumani huziita nota kwa herufi kiasi kwamba jina lake linaweza kupigwa kwenye kinanda, herufi nne, nota nne. Mwenyewe alilitia ndani ya muziki wake.

Hapo penseli zikatoka. Kila mtu alikuwa anahesabu jina lake. Mmoja akahesabu jina la mji kwa herufi 26 za shuleni: T ni 20, U 21, N 14, D 4, U tena 21, M 13, A 1. Hesabuni nanyi. Ni 94.

Nilikaa chini. Simfoni ya 94 ya Haydn, yule yule wa mishumaa, ndiyo inayoitwa simfoni ya Mshtuko. Ilipigwa London mwaka 1792. Sehemu yake ya pili inaanza kwa upole, inarudia kwa upole zaidi, kiasi cha kumlaza mtoto, halafu ghafla okestra nzima inapiga pigo moja la ngurumo. Hakika hakuna aliyepanga, si Haydn wala waliouita mji wetu jina hili. Lakini kila aliyelala Tunduma anaujua mshtuko ule: usiku umetulia, mbwa wamenyamaza, na lori moja barabarani linapiga honi. Tangu jioni ile vijana wetu huiita simfoni ya Tunduma, na mimi siwasahihishi.

Kitendawili kilichofuata nilikuwa nimekitunza tangu asubuhi.

"Ndugu wawili, kitambaa kimoja, mishono tofauti. Mmoja akivaa asubuhi, mwenziwe anavaa saa nzima baadaye, na wote wamewahi."

Walifikiri kuhusu sare za shule, kuhusu vitenge vya Nakonde, mji wa Zambia ulio ng'ambo ya mpaka, kuhusu jogoo. Walipokata tamaa wakanitupia mji wa mbali ili nikwame: "Johannesburg!"

Wametoa mji, na hawakujua kwamba wametoa jibu.

Nilikwenda Johannesburg, wajukuu zangu, mwaka 1897. Nikamkuta mwalimu wa shule ya misheni ya Wamethodisti aitwaye Enoch Sontonga, kijana wa miaka ishirini na kitu, akiwatungia wanafunzi wake nyimbo. Aliziandika kwenye daftari, kwa herufi hizi hizi zilizo kwenye karatasi zenu: d, r, m, f, s, l, t. Herufi hizi nazo zina safari yao. Mtawa mmoja wa Italia wa karne ya 11, Guido wa Arezzo, aliwapa waimbaji wake majina ya sauti kutoka kwenye wimbo wa Kilatini ambao karibu kila mstari wake ulianza hatua moja juu ya uliotangulia. Karne nyingi baadaye Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, akabuni namna ya kuandika muziki kwa herufi tupu, ili asiye na kinanda wala mistari mitano aweze kuimba kwa kusoma. Mchungaji John Curwen akaichukua, akairekebisha, akaisambaza, na wamisionari wakaibeba hadi Afrika. Ndiyo sababu dada wa Tunduma asiyewahi kugusa piano anaweza kumsoma Handel.

Sontonga alifariki mwaka 1905, kabla ya wengi kumjua. Lakini wimbo wake wa kuiombea Afrika baraka ulitoka daftarini ukaanza kutembea. Mwaka 1912 uliimbwa katika mkutano ulioanzisha chama ambacho baadaye kiliitwa ANC. Ukapanda kaskazini, ukavuka mito. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, tuni yake ikawa ya wimbo wetu wa taifa, kwa maneno ya Kiswahili. Zambia ilipopata uhuru mwaka 1964, tuni ile ile ikawa yao, na leo ina maneno yao wenyewe. Afrika Kusini imeiweka ndani ya wimbo wake wa taifa wa tangu mwaka 1997.

Kwa hiyo hapa kwetu, mahali ambapo mtu anavuka barabara kununua sukari na amebadili nchi, mpaka unagawa fedha, unagawa lugha ya ofisi, unagawa bendera. Tuni haukuigawa.

"Na ile saa nzima?" akauliza mtoto wa dereva.

Saa za Zambia ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Shule ya Tunduma ikisimama mstarini saa moja na nusu asubuhi ikaimba, shule ya Nakonde itakayosimama saa yake ikisema moja na nusu itaimba wakati kwetu ni saa mbili na nusu. Tuni ile ile, sauti ya pili inaingia baadaye.

Yule binti wa sauti ya pili ndiye aliyeshika mdomo. "Babu. Hiyo ni kanoni."

Sikuwa nimewaambia. Nilikuwa nimewatega vitendawili viwili nikidhani havijuani, na mtoto akavishona mbele ya macho yangu. Kwa muda mrefu hatukutega kitu. Walianza wenyewe kuimba, nusu ya ukumbi ikaanza, nusu ikangoja ikaingia nyuma, na tuni ile haikutungwa kwa kazi hiyo, ikagongana hapa na pale, lakini palipopatana palipatana kwa namna iliyotusimamisha wote.

Mvua ilikuwa imebaki matone. Nikawaambia hiki ndicho cha mwisho.

"Vyumba 14 vimefunguliwa. Cha 15 kimefungwa, na mwenye nyumba amezikwa na ufunguo."

"Tena 14!" wakapiga kelele. "Bach!"

Si Bach. Ni Edward Elgar, Mwingereza, na kazi yake iliyosikika London kwa mara ya kwanza tarehe 19 Juni 1899. Alichukua tuni moja akaigeuza mara 14, na kila mgeuzo ni picha ya mtu aliyempenda, juu yake ameandika herufi za jina au jina la utani. Wa kwanza ni mke wake. Wa mwisho ni yeye. Wa 11 una herufi za rafiki yake mpiga kinanda, lakini anayesikika ni mbwa wa rafiki huyo, Dan, akiporomoka mtoni, akipiga maji kutafuta pa kutokea, akibweka kwa furaha alipofika nchi kavu. Wa 13 hauna jina, una nyota tatu tu. Marafiki waliketi wakijitafuta ndani ya muziki. Halafu Elgar akasema lipo jambo moja kubwa zaidi: ipo tuni nyingine inayopita juu ya kazi yote, lakini haipigwi. Walimuuliza ni ipi. Hakusema. Alifariki mwaka 1934 bila kusema.

"Jibu ni lipi, babu?"

"Watu wamependekeza majibu mengi. Yeye hakulithibitisha hata moja. Mimi silijui."

Wakatazamana. Hilo halikuwamo katika utaratibu wetu. Yule mdogo kuliko wote, wa gereza la Dublin, akafikiri kisha akasema: "Kama mtegaji hajui, mtegaji ndiye ameshindwa. Shikamoo babu, tupe mji."

Nikawapa Tunduma.

Akasimama. Alijua sharti: lazima ataje muziki uliosikika huko. "Nilikwenda Tunduma," akaanza, kisha akanyamaza, akainamisha kichwa upande mmoja. Nasi tukanyamaza. Maji yalikuwa yakichuruzika kwenye mifereji. Malori yalikuwa yakisogea kwa hatua moja moja. Kutoka shule ya jirani mtu akagonga ringi la lori lililotundikwa mtini, kuwaita wanafunzi kwenye masomo ya jioni, na mlio wake ukakaa hewani muda mrefu.

"Nilikwenda Tunduma," akasema, "nikakuta ringi linalia so."

"Si so, ni la," akasema mtoto wa dereva.

"Inategemea do mmeiweka wapi," wakasema wa sauti ya pili, karibu wote kwa pamoja.

Basi wakaiweka do, ile ile ya Handel, wakapanda nayo hatua kwa hatua wakielekea mlangoni, na nje wakasimama matopeni kungoja ringi ligongwe tena.